Maji ya Ghorofa ya Tatu: Sehemu ya Tisa

Nyundo ya Fundi Koleo iligonga kigae mara ya tatu, na chini, ghorofa ya pili, kikasikika kishindo kilichotikisa vikombe kabatini. Kisha kilio kimoja kifupi. Kisha kimya.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na mmenisumbua kweli kweli mkitaka kujua kilichoanguka. Heri lingekuwa kabati. Lilikuwa dari.

Mama Cherehani, mshonaji wetu, ambaye ana miezi miwili tu tangu ahamie kwenye nyumba aliyoinunua, alishuka ngazi pekupeku, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Mlango wa Bibi Mwalimu ulikuwa umerudishiwa tu. Akausukuma.

Ndani vumbi jeupe lilikuwa limetanda. Dari lote la sebule lilikuwa limeng'oka na kulala sakafuni, mbao, misumari na jipsamu iliyoloa kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai. Chini ya ubao mkubwa kuliko yote, pale penye kiti cha kuegemea, ilionekana miguu miwili ndani ya soksi nene.

"Mwalimu! Bibi Mwalimu!"

Mwalimu yule mstaafu, aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma, hakuitika.

Binti yake, muuguzi, ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu. Alitokea jikoni mbio, sufuria mkononi, akaitupa.

"Msimvute! Shikeni ubao huku. Wewe kule. Moja, mbili, inua!"

Wakainua, yeye, Mama Cherehani na majirani wawili waliokuja mbio. Bibi Mwalimu alikuwa anapumua. Lakini damu ilikuwa ikimtoka sikioni, nyembamba, ikishuka shingoni, na muuguzi alipoiona uso wake ulibadilika. Ameiona damu nyingi kazini, na ile ya sikioni anaijua maana yake.

Akakipakata kichwa cha mama yake. Bila kuinua macho akasema, "Wiki tatu tunatega beseni hapa, Mama Cherehani. Wiki tatu! Mlikuwa mnangoja nini?"

Beseni? Beseni lipi? Mama Cherehani hakuwahi kuambiwa habari ya beseni wala ya tone moja. Kilichomfanya amwite fundi ni mita yake ya maji, iliyokuwa ikizunguka hata koki zote zikiwa zimefungwa. Mtu mwingine angelisema hilo pale pale.

Lakini utabishana vipi na mtoto aliyempakata mama yake mwenye damu? Mama Cherehani alilelewa kwamba mbele ya mgonjwa hakuna kesi, kuna pole. Akapiga magoti kwenye maji na vumbi, akaushika mkono wa yule binti.

"Nisamehe, mwanangu. Kosa ni langu. Kosa ni letu sisi wa juu, tusamehe."

Mnajua wenyewe maneno hayo. Mwanao akivunja kikombe cha jirani unayasema, ukimkanyaga mtu kwenye foleni unayasema. Ni maneno ya kupoza moyo wa mwenzio, na hakuna anayeyapima kwenye mizani.

Isipokuwa mmoja. Mlangoni alikuwa amesimama Mwenyekiti wa wakazi, karani mstaafu, mtu ambaye hata msibani huenda na daftari.

"Umesema kosa ni lako?"

"Mwenyekiti, huu si wakati wake."

"Nauliza tu. Utaratibu." Akaitazama saa yake, akaandika huku akisoma kwa sauti. "Saa tatu na dakika ishirini. Mkazi wa namba kumi na moja amekiri mbele ya mashahidi wanne."

"Sikukiri! Nimeomba radhi!"

"Yote yataangaliwa. Kamati itakaa saa kumi. Muuzaji wako nitamwita, na askari nimeshawapigia."

Gari la wagonjwa lilipoondoka, Mama Cherehani alipanda ngazi. Alimkuta Fundi Koleo amekaa kwenye ukingo wa bafu, miwani yake ya kamba imeteleza puani, nyundo ameiweka mbali naye.

"Ni nyundo yangu, mama? Niambie kweli. Ni mimi niliyemwangushia yule bibi dari?"

"Fundi, jipsamu ilikuwa imeloa tepetepe. Hiyo si kazi ya nyundo, ni kazi ya maji. Tafuta maji."

Mzee akajikaza. Safari hii hakugonga. Alichukua tindo, akachokonoa kwa mkono, kigae kimoja, cha pili, cha tatu. Chini ya vigae akakutana na sakafu ya kijivu iliyokolea, na katikati yake kiraka cheupe zaidi, kikubwa kama sinia.

"Saruji hii si ya hapa," akanung'unika. "Sakafu ina miaka ishirini, hiki kiraka ni cha juzi."

Akakivunja. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa, akatulia.

"Mama, kaa chini kwanza."

"Sema, fundi, nimesimama vizuri."

"Bomba hili lilipasuka kabla hujainunua nyumba. Kuna mtu aliitwa. Badala ya kukata na kuweka bomba jipya, amelizungushia mpira wa tyubu, akaukaza kwa uzi, akamwaga saruji juu, kwa heri. Huku si kutengeneza. Huku ni kufukia."

"Kwa hiyo Bila Shaka alijua?"

Kwa mliojiunga nasi leo, Bila Shaka ndiye muuzaji, mzee nadhifu mwenye nywele zilizopakwa piko. Jina hilo alilipata kwa sababu siku za kutazama nyumba kila alichoulizwa alijibu neno hilo hilo. Maji yanatoka vizuri? Bila shaka. Mabomba ni mazima? Bila shaka.

"Alijua kama ninavyojua jina langu," Fundi Koleo akasema. "Mkataba wenu unasemaje?"

"Kasoro ya wazi ni yangu. Kasoro aliyoificha muuzaji ni yake, na madhara yake yote ni yake."

"Basi umepona. Shukuru."

Mama Cherehani alishukuru kweli. Alilia na kucheka kwa pamoja, akamshika mzee wa watu bega akamtikisa. Mzigo wa Bibi Mwalimu ulikuwa mzito, lakini angalau haukuwa wake. Angeubeba aliyeufukia.

Fundi akafunga maji ya jengo, akakata kipande cha bomba urefu wa shibiri, na viraka vyake vyote, akamkabidhi.

"Kishike kama roho yako. Saa kumi ukiweke mezani. Mimi nitakuwa hapo nieleze nilikitoa wapi."

Akashuka kwenda kunawa. Mama Cherehani akakifuta kile kipande kwa kidole gumba, tope likatoka, na uzi ukaonekana.

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Ulikuwa uzi wa nyuzi mbili, mmoja wa rangi ya chungwa na mmoja wa kahawia, zimesokotwa pamoja na kupakwa nta. Hakuna duka linalouza uzi wa namna hiyo. Aliusokota yeye mwenyewe, kwenye mashine yake, kwa ajili ya mikanda ya mabegi ya shule ambayo watoto huiburuta hadi ikatike. Kidonge kimoja tu cha uzi huo kiliwahi kutoka nyumbani kwake. Alimpa mdogo wake ashonee mkoba wa vifaa vyake.

Na mdogo wake ni fundi bomba.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia la kufanya ufa ukishazibwa kwa uzi wa nyumbani kwako.

Chumba chake cha kushonea kiko chini ya jengo lile lile, mlango wa upande wa barabarani. Aliufungua ili akae peke yake afikiri. Hakuwa peke yake. Nyuma ya magauni yaliyoning'inia, kwenye kiti cha wateja, alikuwa amekaa Kitinda.

Ndivyo walivyomwita tangu utotoni, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Mama alifariki Kitinda akiwa na miaka minne na dada yake kumi na tano. Dada akaacha shule, akashika sindano, ili mdogo wake ashike kalamu. Alimbeba mgongoni huku akikanyaga cherehani.

Mama Cherehani akafunga mlango kwa ndani.

"Nimekupigia siku tisa."

"Nilikuwa kazini mbali, dada. Simu ikaharibika."

"Kitinda."

Dada mtu akafungua kitambaa alichoufungia ushahidi, akaweka kipande cha bomba mezani, kati ya mkasi na chaki.

"Uzi huu ni wa nani?"

"Ni wako."

"Nani aliufunga hapa?"

Kitinda akaanza kulia kabla hajajibu. "Mimi."

Dada alikuwa ameshajua tangu bafuni. Hata hivyo kusikia kwa masikio kulimuuma upya.

"Eleza. Usiruke kitu."

"Bila Shaka aliniita, bomba limepasuka. Nikamwambia lazima sakafu ifunguliwe, kazi ya siku nne. Akasema hana siku nne, kuna mnunuzi anakuja keshokutwa, funga tu kitu. Nikafunga. Sikujua mnunuzi ni wewe, dada, naapa! Nilijua uliponituma nije nikukagulie nyumba. Nikafika, nikaona ni ile ile."

"Ukakagua."

"Nikakagua."

"Ukaweka sahihi kwamba mabomba yote ni mazima."

"Ulikuwa unacheka, dada!" Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Tangu shemeji afariki sikuwahi kukuona unacheka vile. Umesimama pale dirishani unapima mapazia. Ningekuambiaje? Nikasema acha ahamie, nitakuja kimyakimya nitengeneze. Na nilikuja, wiki ya kwanza, nina bomba jipya begani. Nikakuta umeshaweka vigae, umeita majirani, unawatembeza bafuni. Nikarudi nalo."

Ile methali ya mficha maradhi mnaijua wenyewe, siwamalizii.

"Bibi Mwalimu anatoka damu sikioni, Kitinda."

"Atapona. Mungu mkubwa."

"Na asipopona?"

Kitinda akapiga magoti, akamshika dada yake miguu kama alivyokuwa akifanya akikosea utotoni.

"Kitupe, dada. Nakuomba. Kichomoe huo uzi au kitupe chote. Leseni yangu ina miezi mitano tu tangu niipate. Mke wangu anakaribia kujifungua. Wewe una jina zuri jengo zima, watakuelewa. Mimi nitafungwa."

"Na mimi je? Nitafanywa nini?"

"Wewe ni dada," Kitinda akasema, kana kwamba hilo ni jibu.

Na kwa miaka yote lilikuwa jibu. Alipovunja dirisha la shule, dada alilipa. Alipogonga pikipiki ya watu, dada alikwenda kuomba. Mama Cherehani alimtazama utosini, pale nywele zilipoanza kupungua, akaona bado ni yule yule wa mgongoni. Alimpenda. Alitamani pia kumzaba kofi. Hakumzaba.

"Kuna jingine unalonificha?"

"Hakuna."

"Nitazame machoni, useme."

Kitinda akamtazama kwenye paji la uso. "Hakuna, dada."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika saba. Mama Cherehani akakifunga kile kipande kwenye kitambaa, akakitia ndani ya mkoba wake, akavuta zipu. Alipokwenda kikaoni hakuwa ameamua bado. Nawaambia ukweli wake, si wa kumsifia.

Kamati ilikaa katika chumba cha chini kinachowekwa baiskeli. Mwenyekiti alikuwa na meza, daftari na kalamu mbili. Pembeni alikaa askari mmoja wa kike, mpole wa sura. Fundi Koleo alikaa mbele, amevaa shati safi. Wakazi kama kumi walisimama kando ya ukuta.

Bila Shaka alikuwa amevaa suti, jalada kwenye mapaja.

"Nasikitika," akasema. "Bila shaka nasikitika. Bibi Mwalimu tumeheshimiana miaka mingi. Lakini huruma ni huruma, na mkataba ni mkataba."

"Nyumba ilikaguliwa kabla ya kuuzwa?" Mwenyekiti akauliza.

"Bila shaka. Tena na fundi wa mnunuzi mwenyewe, wala si wangu. Sahihi hii hapa. Soma, Mwenyekiti. 'Nimekagua mabomba yote, hayana kasoro.' Fundi huyo ni mdogo wake wa damu."

Manung'uniko yakapita ukutani. Bila Shaka akageuka taratibu, akamtazama Mama Cherehani usoni kwa upole mkubwa.

"Kama mama ana kitu kinachosema vingine, akiweke mezani. Tutakitazama wote. Tutauliza ni kazi ya mkono wa nani."

Hapo ndipo Mama Cherehani alipoona mtego ulivyotegwa. Kipande kile kingemzamisha Bila Shaka, lakini aliyekuwa wa kwanza kuguswa na maji alikuwa Kitinda. Yule mzee alimwacha mdogo mtu akague kazi yake mwenyewe kwa makusudi. Alijua siku ikifika, dada hatafumbua mdomo.

"Mama Cherehani," Mwenyekiti akasema, kalamu juu. "Asubuhi umekiri. Una ushahidi wowote wa kubadilisha hilo?"

Mkoba ulikuwa mapajani mwake. Aliuhisi uzito wake.

"Sina," akasema.

Fundi Koleo aliruka kwenye kiti. "Mama! Na kile kipande?"

"Kipande gani, fundi?"

Alilisema bila kumtazama.

"Kipande cha bomba! Nimekukabidhi kwa mkono wangu! Kina mpira, kina uzi..."

"Ala," Bila Shaka akadakia. "Basi sasa naelewa. Hakuna kipande, kuna nyundo. Jengo zima limeisikia nyundo asubuhi, si kweli? Huyu mzee kagonga sakafu, dari la chini likaanguka. Sasa anatafuta bomba la kusingizia."

"Mimi? Miaka arobaini na mbili nafanya kazi hii!" Fundi Koleo akamgeukia Mama Cherehani. "Mama, waambie. Mama, mimi nina wajukuu nawalea peke yangu. Waambie jamani."

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuandika. Neno "nyundo" lilisomeka kutoka kiti cha Mama Cherehani.

Aibu ilimpanda. Kumfichia ndugu alikuwa amezoea. Lakini hakuwahi kumfichia kwa kumtupa mtu mwingine shimoni, tena mzee aliyekuja kumsaidia. Akaona hawezi. Iwe itakavyokuwa, hawezi. Akashika zipu, akafungua mdomo aseme.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia muuguzi.

Bado alikuwa na vumbi jeupe kwenye nywele. Hakupiga kelele. Alikwenda hadi mbele ya meza, akasimama hapo na mikono yake mitupu.

"Mama ametutoka," akasema. "Saa nane na nusu."

Mwenyekiti akaiweka kalamu chini, na sijui kama aliwahi kufanya hivyo maishani mwake. Bibi mmoja ukutani akaanza kulia kwa sauti ya chini.

"Alizinduka kidogo ndani ya gari," muuguzi akaendelea. "Alinikataza nisigombane na watu wa juu. Alisema hivi, nayarudia kama yalivyo. 'Nilimwonyesha yule mdogo wake Mama Cherehani beseni siku ile ile dari lilipoanza kudondosha. Akaniambia, dada anajua, anatafuta fundi, usijisumbue na ngazi, miguu yako mibovu.' Mama akamwamini. Wiki tatu akamwaga beseni asubuhi na jioni, akijua dada mtu anashughulikia."

Akamgeukia Mama Cherehani. Sasa machozi yalikuwa yakimtoka.

"Kumbe ulijua. Ulijua wiki tatu nzima, na asubuhi ukanipigia magoti."

"Mwanangu, sikuambiwa..."

"Usiniite mwanao!"

Nyuso zote zilimgeukia. Na nyuma ya nyuso hizo, mlangoni, alikuwa amesimama Kitinda. Alikuwa amesikia yote. Dada yake alimwona, na akaelewa lile lililokuwa limefichwa nyuma ya paji la uso.

Akamngoja. Hakumwita jina, hakumnyooshea kidole. Alimngoja tu, kama alivyokuwa akimngoja langoni mwa shule. Njoo useme, alimwomba kimoyomoyo. Sema neno moja: dada hakujua. La bomba acha, hilo nitalibeba. Sema hili moja tu.

Midomo ya Kitinda ilitikisika. Akainamisha kichwa, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akauvuta mlango pole pole asisikike.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii aliishona mwenyewe. Mama Cherehani alilia pale mbele ya watu, bila kujificha. Waliomwona walidhani analia kwa sababu amekamatika.

Askari wa kike akasimama. Alivaa kofia yake, akaivuta vizuri.

"Sasa hii si kazi ya kamati tena," akasema. "Mwenye nyumba ni nani?"

Miaka kumi na tisa ya kupanga vyumba vya watu, ya kuambiwa hama kufikia Jumapili, Mama Cherehani alikuwa akiota siku atakayoulizwa swali hilo, naye ajibu kifua mbele. Akainuka, mkoba ameubana kifuani.

"Ni mimi."

"Huyu mzee anasema alikukabidhi kipande cha bomba. Wewe umesema hakipo."

"Ndiyo."

Askari akaitazama mikono yake, namna vidole vilivyoishika ile zipu. Akasogea karibu.

"Fungua mkoba, mama."